Nililia Msiba Usiokuwepo, Sasa Mjukuu Wangu Hanipigii Simu

Mpendwa mshauri Edith, mimi nina miaka themanini na moja, nimezika maparoko watano na mke mmoja, nimekiona kigango chetu kikiwa cha nyasi mpaka kikawa cha bati, na matofali yake mengi nilibeba mimi, hao wengine wanaojisifu walibeba mawili matatu, kwa hiyo usinijibu kama mtoto, naomba msaada. Barua hii naandika mwenyewe japo niliishia darasa la pili, kwa sababu anayeniandikiaga barua ni mjukuu wangu Justina, na ndiye huyo tumegombana.

Justina nimemlea mimi na marehemu Bertilla, ni Mkatoliki kabisa, sasa yuko chuo cha ualimu hapo Sumbawanga. Alhamisi moja nikapanda basi hapa Laela nimpelekee unga wa ulezi, kufika chuoni nasikia kilio ukumbini, watu wanalia kwa sauti, wengine wanaita Bwana, Bwana, na Justina namwona dirishani machozi yanamtoka. Mshauri, mimi nilivyolelewa ukikuta kilio huulizi, unaingia unalia na wenzako, ukishamaliza ndipo unauliza nani amekufa, basi nikavua kofia, nikaweka unga chini, nikakaa sakafuni nikalia, na kulia najua, nililia Kifipa mpaka wao wakanyamaza. Nililia kweli, mimi ambaye hata siku tunamzika Bertilla sikudondosha chozi, watu walishangaa ugumu wangu.

Kijana mmoja, Shija, akaniletea kiti, akasema, "Shikamoo babu, pole sana. Nani amefariki?"

Nikamwambia, "Wewe ndiye uniambie, si mnalia nyie?"

"Babu, hapa hakuna msiba. Tunasali."

Wasichana huko nyuma wakacheka. Aibu ikanipanda, nikamgeukia Justina, "Mungu wenu huyu ni kiziwi?" Akaniambia taratibu kwamba Jumapili asubuhi yuko misa ukumbini humohumo, tena anaimba kwaya, Jumamosi wanasali Wasabato, Jumapili jioni Walutheri na Waanglikana, Alhamisi ndio hao wa kupaza sauti, na yeye anakuja kwa kuwa analala nao chumba kimoja na wanakula sufuria moja. "Babu, sijaacha Kanisa." Mimi nikasema mbele ya wote, basi misa ya mwaka ya bibi yako usije, Bertilla hakulea vigeugeu. Akaokota unga, akasema, "Nimesikia, babu."

Misa ni mwisho wa mwezi huu na simu hapigi. Tangu hapo situlii, naenda shamba narudi sijalima, basi la Sumbawanga likisimama natoka kuangalia nani ameshuka, watu wakiniuliza nasema nanunua chumvi, sasa nyumba nzima ni chumvi. Nitamrudishaje bila kuomba msamaha, maana sijawahi kumwomba mtu na siwezi kuanza leo? Ukidhani natunga, habari ya matofali muulize katekista Fabiani, na habari ya kilio muulize Shija, ingawa ni wa haohao.

Mzee Flavian, Laela

Shikamoo mzee Flavian. Pole kwa kufiwa na mkeo. Naanza na pole hiyo kwa sababu naona mwaka mzima hukuipokea.

Matofali nimekubali, hongera. Lakini hukuyabeba ili uje umfungie mlango mtoto uliyemlea. Misa ya Bertilla si harusi yako, huna kadi za kugawa! Na hao wa kupaza sauti wanaokutisha, hebu muulize Fabiani: Wakatoliki wa karismatiki nao wanainua mikono na kulia, na wako ndani ya Kanisa lako hilohilo. Unaogopa Justina asije akavutwa moja kwa moja. Hofu hiyo naielewa. Ila babu yake amemfukuza, na wale wamempa hata babu kiti. Wewe ungekuwa yeye ungebaki wapi?

Halafu unasema ulilia msiba usiokuwepo. Ulikuwepo, baba. Uliutunza mwaka mzima ukautoa katikati ya watoto wale, nao wakanyamaza wakakusikiliza. Je, ulimuuliza Justina alikuwa analilia nini? Hukumuuliza. Ulikuwa na kazi ya kuona aibu.

Achana na chumvi. Alhamisi hii panda basi, usimtume Fabiani wala usipige simu. Ukifika kaa nje mpaka wamalize, hakuna anayekulazimisha kuingia. Justina akitoka, mwambie, "Mjukuu wangu, nilikosea, njoo umwimbie bibi yako." Maneno saba tu. Matofali yote yale hayakukushinda, saba hayatakushinda.

Na Shija mwalike misani. Umemtaja mwenyewe kuwa shahidi wa kilio chako. Siku hiyo ukilia tena, na utalia, awepo athibitishe kwamba safari hii hukukosea msiba.