Rangi ya Maji ya Kunde

Jumatatu, 3 Februari

Dirisha nimefunga, taa nimewasha, nachora tangu asubuhi. Kama kawaida. Joto la kaskazi si la mchezo, na feni inalihamisha tu kutoka ukuta huu hadi ule. Lakini humu ndani mimi ndiye mwenye amri. Kivuli kikiangukia kushoto leo, kesho kitaangukia kushoto. Hakuna upepo. Hakuna vumbi la malori. Hakuna mpita njia wa kunishauri niongeze ndege.

Wafula amepita akitoka Likoni, shati limemganda mgongoni. Yeye huchora Shelly Beach, juani, kila siku, kama aliyepewa adhabu. Amesimama mlangoni akasema studio yangu inanuka kabati. Nikamwambia yeye ananuka samaki. Ni rafiki wa kweli, lakini kwenye jambo hili hana akili. Sura ya mtu haichorwi kwenye upepo. Mimi ni fundi wa sura, na Port Reitz yote inajua.

Leo nimeanza sura ya Baba.

Jumanne, 4 Februari

Baba alituacha mwaka jana. Tarehe ishirini na mbili tunakwenda kwetu Rabai kwa ukumbusho, na msalaba wa saruji utawekwa. Mama anataka picha ya rangi isimame kando ya kaburi, watu wamwone mtu wao. Tatizo ni kwamba picha zetu zote za zamani ziliharibiwa na mvua iliyovuja kabatini. Imebaki ile ya kipande, kitambulisho chake, tu, nyeusi na nyeupe, ndogo, Baba amekodoa macho kama anadaiwa.

Kipande kipo. Kumbukumbu ipo. Mkono upo. Sihitaji zaidi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemaliza. Nzuri. Nasema mwenyewe, kwani nani atanisemea? Pua yake, masikio yake, kovu la kidevuni. Nimemwita Mama. Ameingia na kikombe cha chai, ametazama, amenywa, ametazama tena.

"Huyu siye."

Nikauliza pua? Pua ndiyo. Macho? Macho ndiyo. Basi nini?

"Rangi. Baba yako alikuwa maji ya kunde."

Akatoka na chai yake. Nimekasirika hadi nimevunja penseli. Kila mtu pwani hii akitaka kusema mtu si mweusi wala si mweupe husema maji ya kunde. Ni neno la mdomoni tu. Hakuna tyubu ya rangi iliyoandikwa hivyo.

Jumatatu, 10 Februari

Nimenunua kunde.

Naandika na kucheka peke yangu. Nimezichemsha hadi zikapasuka, nikachuja maji, nikayatia kwenye gilasi, nikaiweka gilasi chini ya taa studio. Kisha nikachanganya rangi. Kahawia, manjano kidogo, nyekundu ya tofali. Nikaweka tone kwenye gilasi, tone kwenye kanvasi. Zikalingana sawasawa. Nikamchora Baba upya, ngozi yote. Kama ni maji ya kunde anataka, maji ya kunde atapewa, tena yaliyopimwa.

Kunde zenyewe tumekula kwa nazi. Mama hakuuliza kwa nini leo nimepika.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya.

Mama ameona gilasi kabla ya picha. Akauliza haya maji ya nini, nikamweleza. Alicheka hadi akaketi. Nimezaa fundi, akasema, anampima mume wa mtu kwa gilasi. Kisha akaichukua ile gilasi akatoka nayo uani, mimi nyuma. Akayamwaga polepole juani, mkondo mwembamba, kutoka juu. Chini ya taa maji yalikuwa matope. Hewani yalikuwa mekundu, yana mwanga ndani, halafu yakapotea mchangani.

"Hiyo ndiyo. Umeiona?"

Niliiona. Sikutaka kuiona, lakini niliiona.

Tukarudi ndani. Akaisimamia picha kwa muda mrefu, kicheko kimekwisha. Akasema huyu uliyemchora ni yule mgonjwa wa kitandani. Akasema hataki kumbeba yule wa kitandani mbele za watu. Yule alimuuguza, inatosha.

Nimejifungia. Nimelia kidogo, zaidi kwa hasira.

Jumatano, 12 Februari

Nimefikiri siku nzima, brashi sijashika.

Mimi Baba nilimjua ndani. Alikuwa kuli bandarini Kipevu. Aliondoka kabla sijaamka, akarudi giza limeingia. Baba yangu ni mtu wa chini ya taa, amenyoosha miguu, anasikiliza redio. Halafu ugonjwa, na miezi ile ya chumbani pazia limefungwa. Ngozi ninayoikumbuka ni hiyo. Sikukosea. Nilimchora niliyemjua.

Mama alimjua nje. Msichana wa mahamri na mbaazi, kando ya barabara ya Kipevu, na yeye kijana wa kupakua magunia. Aliolewa na mtu wa juani. Hata baadaye, mimi nimeshazaliwa, Baba alikuwa akimwita kwa jina langu kutoka ng'ambo ya malori ili amwekee mahamri: "Mama Kadzo!" Na yeye anajibu kwa sauti ya kushinda injini: "Abee!" Wakaizoea. Hata nyumbani alimwita kabla hajafika mlangoni, na Abee ilitoka jikoni na moshi wake.

Tangu Baba aondoke sijalisikia neno hilo humu. Mimi nikimwita hunijibu "Nini?" au "Sema."

Alhamisi, 13 Februari

Mama ametoka Changamwe na picha ya kipande imekuzwa, imewekwa fremu ya plastiki ya dhahabu. Ameiegemeza ukutani sebuleni. Hakunificha. Amesema ikishindikana, tutabeba hiyo.

Ikishindikana! Mimi, ninayechorea watu wazima sura zao, nishindwe na picha ya kipande iliyovimba? Baba amekodoa macho, mkubwa kama dirisha. Rabai nzima itazame hiyo, na binti yake mchoraji amesimama pembeni. Hapana. Haiwezekani.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemeza kiburi. Hakikwenda chini vizuri. Nimempigia Wafula simu nikamwomba stendi yake ya kuchorea nje. Akasema: "Sista, si nilikuambia utoke nje?" Nikamwambia akisema neno jingine naghairi. Ameleta stendi, mwavuli na chupa ya kunyunyizia maji. Hakusema neno. Alikuwa akitabasamu tu, mjinga.

Nimempata pia Baba mdogo Katana, mdogo wake Baba. Kwa sura wala hawafanani, lakini ngozi ni ile ile, mama mmoja baba mmoja. Bado anafanya vibarua huko huko Kipevu. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza, akauliza kama ataonekana kwenye picha. Nikasema ngozi tu. Akasema basi aoge.

Jumatatu, 17 Februari

Aibu tupu.

Tulisimama kando ya barabara, pale pale Mama alipouzia. Rangi ilikauka kwenye ubao wa kuchanganyia kabla haijafika kwenye kanvasi. Upepo ukabeba mwavuli, nikaufuata kati ya malori mawili huku madereva wanashangilia. Vumbi liliganda kwenye shavu nililokuwa nimelipaka. Jua halikai. Kivuli cha pua kilianza kushoto, nikainama kuchukua brashi, nikiinuka kimesogea. Na watu! Mmoja akasema sikio kubwa. Mmoja akauliza naweza kumpakia geti rangi Mikindani. Baba mdogo akiulizwa anafanya nini anageuka, anaeleza, anasalimia, anarudi na kivuli kingine.

Nje ni fujo. Nilisema na nasema tena. Lakini kesho narudi.

Jumanne, 18 Februari

Askari wa geti la bandari amekuja. Kijana wa bara, viatu vinang'aa. "Mama, hapa hapapigwi picha." Nikamwambia sipigi, nachora. Akafikiri. Akasema picha ni picha. Nikamwonyesha kanvasi: yako wapi makontena? Iko wapi meli? Ni shavu la mtu. Akalitazama shavu, akamtazama Baba mdogo, akalitazama tena. Akaniambia nigeuze stendi, geti niliache mgongoni.

Nikageuza. Mungu ambariki yule kijana. Sasa jua lilitoka upande mwingine, na nyuma ya Baba mdogo kulikuwa na kontena jekundu lililopandishwa kwenye lori. Nikaona. Wekundu ulikuwa umeruka kutoka kwenye kontena ukakaa chini ya taya yake. Juu ya paji la uso palikuwa na buluu, buluu ya mbingu kabisa, kwenye ngozi ya mtu wa Rabai. Na katikati, shavuni, mwanga ulikuwa unatoka ndani kama yale maji yaliyomwagwa uani.

Si rangi moja. Haijawahi kuwa moja. Ndiyo maana nilipoipima kwenye gilasi nilipata matope.

Nikamwambia Baba mdogo asipumue. Akajaribu, maskini.

Jumatano, 19 Februari

Nimechora haraka, bila kufikiri, ninanyunyiza maji ubaoni kama mwenye kichaa. Lori likiondoka wekundu unaondoka nalo, nangoja jingine. Likija la kijani namlaani dereva. Likija jekundu naruka. Muuza mahamri wa siku hizi, msichana mdogo, ameanza kunitangazia: jekundu hilo linakuja, dada! Nimekula mahamri yake. Ya Mama yalikuwa bora.

Saa sita Baba mdogo alikuja kutazama upande wangu. Kisha akavua kofia.

Naijua kazi yangu. Hii ni kazi.

Alhamisi, 20 Februari

Leo nimerudi ndani, na siombi radhi. Ukosi wa shati, kovu, kope, mstari wa mdomo: hayo hayachoreki kwa upepo. Nimechora kwa utulivu, feni inalia. Wafula angeiacha mbichi vile vile ilivyotoka barabarani, na Baba angeonekana kama anakimbia mvua. Nje kunakupa ngozi. Ndani kunakupa mtu aliyetulia ndani ya ngozi yake. Nitamwambia Wafula hivyo, na atakataa.

Rangi za nje sikuzigusa hata moja. Na taa sikuwasha. Nilifungua dirisha.

Ijumaa, 21 Februari

Imekwisha. Nimeisimamisha uani, kwenye stendi, mahali pa jua. Sikumwita Mama. Nilisema ataiona mwenyewe.

Ameiona, maana alifagia akaizunguka. Akaanika nguo. Akapita na ndoo, akarudi na ndoo. Mchana akakaa barazani anachagua mchele, mgongo kauelekeza uani. Nimejaribu kusoma mabega yake, hayasomeki.

Sebuleni yule wa fremu ya dhahabu ananikodolea macho. Yuko tayari, hata vumbi amefutwa. Nani amemfuta? Si mimi.

Kesho alfajiri tunaondoka. Siulizi. Nikiuliza, atasema jambo la kunifurahisha, na mimi sikutaka kufurahishwa. Nilitaka yeye amwone. Naenda kuosha brashi.

Jumapili, 23 Februari

Nyumba kimya. Mama amelala mchana, jambo asilolifanya. Naandika ya juzi na ya jana.

Nilipofunga daftari hili nilikwenda studio na kopo la maji. Jua lilikuwa limeshuka, linaingia uani kwa ubavu. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nikasikia mlango wa jikoni, anatoka kumwaga maji. Halafu:

"Abee!"

Kwa sauti. Ile ya kushinda injini.

Nikatoka na brashi mkononi. Hakuna aliyeita. Hata kwa jirani palikuwa kimya. Mama alikuwa amesimama mbele ya picha na beseni, maji yanamchuruzikia kwenye leso. Alinitazama, akaona haya kama msichana. Akayamwaga maji kwenye mpapai, akaingia ndani, akatoka na leso yake mpya ambayo hajaivaa, akamfungia Baba humo mwenyewe, pembe kwa pembe.

Jana huko Rabai walitaka picha ikae chini ya hema pamoja na wazee, isiharibike. Mama akasema mwacheni juani. Ikakaa juani ibada nzima. Baba mdogo aliwaonyesha watu shavu lake, walinganishe. Wafula alisimama mbele ya picha kwa muda, akafungua mdomo, nikamkata jicho, akaufunga.

Fremu ya dhahabu Mama ameigawa kwa mtu. Kipande kimerudi ndani ya Biblia.

Leo asubuhi nilimwita kutoka uani, chai tayari. Akajibu, "Nini?"

Sawa. Lile jingine lina mwenyewe.