Sahani ya Mama Seth

Maimuna, uko? Nimeaibika leo, hata mlango sitaki kufungua.

Mama Seth, yule jirani yangu wa bara, ameniletea chapati na mbuzi wa Krismasi. Nikapokea, nikamshukuru vizuri.

Basi Rukia wangu akauliza, Mama Seth mwenyewe amesimama pale pale: "Mama, hii pia tuwape paka?"

Hii pia. Maimuna, mtoto amesema "hii pia".

Mama Seth hakukasirika. Akasema taratibu, "Nyama nilinunua kwa bucha ya Abubakar. Kila Krismasi nanunua huko, ndio iwe halali na nyinyi muweze kula."

Kila Krismasi.

Rukia anakula sasa hivi. Anasema ni tamu, na anauliza kwa nini siku zote tulikuwa tukiwapa paka.

Nimjibu nini?