Msumeno Ambao Baba Hakuutaka

Jumamosi, 9 Machi 2024
Nimeamua. Kitanda cha Yoana nitakitengeneza mwenyewe. Binti yangu anarudi kutoka mjini Plovdiv, mjamzito, bila mume, na chumba chake ni kitupu. Mbao za msonobari zipo bandani. Lakini msumeno wa mkono umenimaliza bega kwa ubao mmoja tu. Nataka wa umeme.

Nilimwambia baba tukinywa supu. Akaweka kijiko chini.

"Kanunue kitanda dukani, Radka. Kitanda hakiumi mtu."

Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu; viwili vilikatwa na msumeno wa kiwandani.

Jumapili, 10 Machi
Baba hakufungua hata redio.

Jumanne, 12 Machi
Duka la vifaa. Muuzaji, Lazar, alinisifia msumeno wa meza, mkubwa kama jiko. Nikamwuliza utaingiaje bandani kwangu.

"Basi vunja banda, mama."

Kuna mdogo wa kukatia maumbo ya kupinda — kwenye ubao mrefu unayumba kama mlevi. Na kuna wa diski ya meno inayozunguka, wa kushika mkononi. Huo umenikaa vizuri. Lakini sikuununua. Nilitaka baba auone kwanza. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 14 Machi
Baba amekuja nami dukani! Alimwuliza Lazar jambo moja tu: ukiachia kitufe, diski inasimama upesi? Lazar akawasha misumeno miwili ya diski, mmoja baada ya mwingine, akaachia. Mmoja ukaendelea kuvuma. Mwingine ukanyamaza papo hapo.

"Huo," baba akasema, akatoka nje.

Nilimkuta garini. Miaka yote niliamini kwamba mashine ile ya kiwandani ilikuwa mbovu. Leo akasema haikuwa na kasoro.

"Nilikuwa na haraka. Walikuwa wameniletea habari kwamba umezaliwa."

Sikuweza kuwasha gari. Nilirudi dukani, nikaununua ule aliouchagua.

Jumamosi, 16 Machi
Ubao nimeubana mezani. Miwani nimevaa. Baba yuko mlangoni, haingii.

Yoana amepiga simu — yumo kwenye basi, anafika leo jioni, si wiki ijayo kama alivyosema! Nikaanza kuhangaika, nikaukimbilia msumeno.

"Uweke chini," baba akasema. "Atalala kitandani kwangu, mimi nitalala kwenye kochi. Kwanza kaa, upumue."

Kwa hiyo nimekaa, naandika.

Sasa baba ameingia. Ameushika ubao upande wa pili, ingawa umebanwa vya kutosha. Anauliza nangoja nini.