Hodi kwa Sauti Yangu

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mama hajambo? Macho yake je? Mimi ni buheri wa afya, kama mwalimu alivyotufundisha kuandika kabla sijatoroka shule.

Kaa chini nikupe habari. Nimepata kazi kwa malaika! Nachana mabawa. Ndiyo, mimi, yule uliyesema siwezi kuchana hata nywele zangu. Manyoya yao yana baridi kama bati la alfajiri, na miguu yao haigusi sakafu. Visigino laini kama vya kitoto kichanga. Sauti hawana hata kidogo. Mkubwa wao nimempa jina Mrefu. Nikiongea ananitazama mdomo kama paka anavyotazama samaki. Anapenda nikipiga hodi. Nikiingia ananitoa kwa kidole, nirudi mlangoni nipige tena. Asubuhi nzima ni hodi tu! Wenzangu wanaona kijicho, lakini watafanyaje? Nina sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Nikivumilia watanipa dawa ya macho ya mama. Barua nampa mzoa taka, yule bubu asiyecheka hata nimtanie vipi.

Mdogo wako,
Mchana-Mabawa Mkuu

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila macho ya mama yamezidi ukungu. Jana amelisalimia koti langu lililotundikwa ukutani, akaliuliza na habari za watoto. Na wewe Mkuu, mwandiko wako kama kuku kakanyaga wino.

Sasa acha mzaha. Unajua malaika havuki kizingiti mpaka mwenye nyumba aseme karibu, na anayesema haonekani tena. Ndiyo maana mtaa mzima tumeacha kukaribishana. Juzi fundi viatu wa jirani alisikia hodi ya mkewe, yule aliyekwenda kuwafulia hao mabwana zako. Hata mimi niliisikia, ni yeye kabisa. Fundi akaitikia kwa furaha, "Karibu, mke wangu!" Nilipofika, sindano ilikuwa inaning'inia kwenye kiatu. Fundi hayupo. Mke hayupo.

Namfanyisha mama mazoezi. Napiga hodi, yeye ajibu "Nani?" tu. Anajibu, "Nani? Karibu, pita ndani!" Mdomo umezoea, nimfanyeje?

Usipige hodi tena huko. Dawa iache. Rudi.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi mwili mzima, koo ndilo limekwisha.

Sikukusikiliza. Niliona raha kusifiwa, hata kama ni kwa macho tu. Leo nimeamka, nikafungua mdomo nimtukane mwenzangu aliyelalia blanketi langu, ikatoka pumzi. Halafu nikasikia mtu kwenye ujia anasema hodi, tamu kweli, nikajiuliza, nani huyo mwenye sauti nzuri hivyo? Alikuwa Mrefu. Nilikuwa mimi.

Sasa najua kwa nini mzoa taka hacheki.

Lakini nimewaweza! Nyumbani nimepiga hodi lini? Mimi napiga mlango teke, napayuka "Mama, njaa!", naye anafoka, "Mtoto huna adabu! Huwezi kupiga hodi?" Basi mwambie mama, akija mwanawe mwenye adabu, huyo si mwanawe. Neno njaa sijalitamka huku, hata siku waliyosahau kutulisha.

Wakishamaliza koo wanakufungulia geti. Nakuja kwa miguu. Dawa hawakunipa.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima huko uliko? Mzoa taka hajapita, sijui nani atakufikishia hii. Naandika tu.

Imekuja. "Hodi," pale mlangoni, sauti yako kabisa. Mama akainuka huku anatabasamu, nikamziba mdomo kwa kiganja, akaning'ata. Nikamnong'oneza, "Mama, mwanao kawa na adabu lini?" Akasita. Akacheka, halafu akalia. Sauti imebaki pale mpaka jua limezama.

Ukifika, piga teke pale chini ulipobandua rangi. Nitakufungulia bila neno. Usinune kwamba hatukukukaribisha.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Za kazini? Natumaini cherehani haikusumbui. Mimi mzima, isipokuwa kidole gumba cha mguu. Mama hajambo, lakini soma mpaka mwisho.

Unajua tangu nirudi ananipapasa uso, anasema ndiyo, pua yake hii, masikio yake haya makubwa. Lakini sauti ikianza nje, uso wake unageukia mlango. Simlaumu. Wa ndani haongei, wa nje anaongea. Ukiwa huoni, mwanao ni yupi?

Leo mchana ikaja na hodi yake. Mama akaweka mkono mdomoni kama ulivyomfundisha. Halafu, dada, ikasema, "Mama, njaa."

Sijui wamelitoa wapi. Labda lilikuwa limeganda chini kabisa ya koo, wakalikwangua kama ukoko wa sufuria. Mama akasimama. Mkono ukashuka. Akasema, "Ka—"

Mimi nitapiga kelele kwa kitu gani? Nikaruka, nikaupiga mlango teke kutoka ndani. Nikapiga tena, nikapiga mpaka kucha ikang'oka. Mama akafumba mdomo. Akanigeukia mimi, si mlango, mimi, akafoka, "Mtoto huna adabu! Huwezi kupiga hodi?"

Na kule nje, kwa sauti yangu tamu, kwa adabu zote, ikamjibu, "Hodi."

Mama ameketi sakafuni. Amenikumbatia mguu kwa mikono miwili, hataki kuuachia; nakuandikia nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nitamdondoshea mzoa taka barua dirishani akuletee kazini, kwa sababu bado ipo mlangoni, na sasa imeanza kuimba ule wimbo niliokuwa nakuimbia wewe ukinuna. Usiisikilize, dada. Ninajua ni nzuri.

Ukirudi piga teke.

Mdogo wako asiye na adabu