Mlamula Hushikwa na Wawili

Ilemela, Mwanza
Mwanzo wa vuli

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpelekee Mama hapo jikoni, maana najua anasikiliza huku akijifanya anachambua maharage. Mimi binti yenu Koku ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na hata nimenenepa kidogo, msije mkanicheka. Wasiwasi wangu uko kwenye huo mguu wako. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeimalizia kwa ndama? Nakufahamu, Baba. Mnyama akichechemea unasahau kwamba na wewe unachechemea.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule mwalimu aliyevuka na meli, pamoja na kahawa ya kutafuna. Kahawa niliipeleka ofisini nikawagawia wenzangu punje mbilimbili kama desturi yetu inavyotaka, na Msukuma mmoja akaniuliza maji ya kuchemshia yako wapi. Tulicheka mpaka asubuhi yote ikapotea.

Lakini kuna jambo moja katika barua yako ambalo nimelisoma mara nne. Umesema mvua za masika zilibomoa ukingo wa chini wa kibanja, na milamula yote, ile miti ya mpaka wetu na Mzee Rwegoshora, ikaenda na maji. Tangu hapo kila mmoja analima akimtazama mwenzake, na migomba mitatu imeshaleta maneno. Unasema unamngoja Kaka Novati atoke Dar aje kushika mlamula pamoja nawe, kwa sababu mpaka ni kazi ya baba na mwanawe wa kiume. Nitalirudia hilo, Baba, lakini kwanza nikupe habari zangu. Vuta kiti. Na karatasi nimenunua mwenyewe, si ya ofisi, usije ukanihubiria.

Kama nilivyokueleza, wenzetu wengi walipata barua za kupunguzwa kazini. Mimi nikapata ya kuongezewa kazi. Nikakabidhiwa pori la akiba lote lililo kwenye ghuba, la mafunjo na vilima vya mawe, lenye viboko, mamba, fisi maji na wale nzohe, swala wanaoogelea kwenye matete kana kwamba Mungu alianza kuumba samaki akabadili mawazo. Nina askari sita, gari moja bovu na mtumbwi mmoja mzima. Watu wakija ofisini huuliza, "Meneja yupo?" Nikijibu ndiye mimi, hutazama nyuma yangu, labda kuna mwanaume amejificha. Mwanzoni nilikasirika. Siku hizi nawaachia watafute mpaka wachoke.

Nyumba yangu hapa Ilemela iko katikati ya majabali, na pimbi wanakaa juu ya bati kama wapangaji. Mji nao unabadilika kila ninapotoka porini. Viwanda vya sangara vimejaa, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, kila mtu ana duka na kila duka lina redio. Wewe ungesema ni kelele. Mimi nasema ni kelele, ila nimezizoea, na jioni nikikaa mlangoni na kutazama ziwa nakumbuka kwamba maji hayahaya yanawafikia ninyi. Nina furaha, Baba. Nataka ulijue hilo kabla sijakueleza kosa langu.

Pori langu halikuwa na mpaka unaoonekana. Zamani ziliwekwa nguzo za saruji, lakini nyingine zilizama kwenye tope, nyingine zikageuka mafiga, na moja niliikuta nyumbani kwa mtu inatumika kunolea mapanga. Ng'ombe wa kijiji cha Mwabuluma wanaingia, nzohe wanakimbia, askari wangu wanawakamata wachungaji, kesho yake wachungaji wanawarushia askari mawe. Kisha ikaja amri kutoka juu. Mpaka uwekwe wazi kabla kiangazi hakijaisha, na atakayekutwa ndani aondoke. Nikishindwa mimi, watakuja wengine kutoka nje ya mkoa, na hao hawana muda wa mazungumzo. Nimeona kazi yao mahali pengine. Nyumba za nyasi haziungui kwa muda mrefu, lakini harufu inakaa.

Na pale kwenye utata zilikuwapo nyumba nane. Ya mwanzo ni ya Mzee Masanja, mzee mwenye ng'ombe wengi na meno machache, ambaye baba yake amezikwa karibu na zizi.

Unaweza kukisia binti yako alifanya nini. Nilipokuja likizo mara ya mwisho nilikata vipandikizi vya mlamula nyuma ya jiko. Si vya mpakani, Baba, usishtuke, sijalaaniwa. Mama alipouliza nikamwambia ni maua ya kupamba ofisi. Vilijaa gunia zima. Nilikuwa nimejiambia hivi: hata mlevi wa kwetu akifika kwenye mlamula huvua kofia na kuzunguka. Kwa nini nihangaike na saruji wakati ninao mti ambao watu wanauheshimu kuliko hakimu?

Basi tulipanda siku mbili, mimi na askari wangu, tukifuata ramani. Mabula, askari wangu mkubwa ambaye ni mzaliwa wa hukuhuku, aliniuliza, "Meneja, hii miti itazuia ng'ombe kweli?" Nikamjibu, "Itazuia watu. Watu watazuia ng'ombe." Nilijiona nimesema neno kubwa. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Baada ya wiki moja Mabula akaja amevua kofia. Milamula yote imeng'olewa. Hakuna hata mmoja uliobaki, ni mashimo tu. Na imeonekana kwa Mzee Masanja.

Nilikwenda na askari wanne na pingu. Tukamkuta mzee amechuchumaa na kata ya maji, na milamula yangu imesimama mbele ya nyumba yake, mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja na kisahani chake cha udongo, inanawiri kama imefika kwao. Mke wake alikuwa anaizungushia miiba isiliwe na mbuzi.

"Mwangaluka, ng'wanone," akanisalimia kwa furaha, yaani umeamkaje mwanangu. "Karibu. Nilikuwa nakusubili."

"Mzee, nani amekuruhusu kung'oa miti ya serikali?"

"Kung'oa? Mimi nimeiokoa!" Akasimama, na sasa ni yeye aliyekasirika. "Nimekuta selikali imepanda miti juani, kiangazi, maji hakuna, na mwenyewe ameondoka. Ndivyo mlivyofanya na miche ya mikalatusi, yote ikafa, halafu mkaja kutugombeza kwamba hatupendi miti. Safari hii nikasema, hapana. Nikaileta hapa kwenye maji, mvua ikija mtapewa. Ninyi mlisoma wapi kupanda miti?"

Mabula akageuka upande akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa nimeshika pingu mkononi na sikujua pa kuzificha.

Nikaomba kigoda nikakaa. Nikamweleza kila kitu, kwamba kwetu ng'ambo huu si mti wa kivuli wala wa mapambo, huu ni mpaka, na anayeung'oa anatafuta ugomvi wa vizazi. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza swali moja tu, tena kwa upole.

"Na jirani yako alikuwa wapi ulipopanda?"

Nilikumbuka siku mlipopanda ule mpaka wa chini, wewe na Mzee Rwegoshora. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimebeba kibuyu cha pombe ya rubisi. Nilifika mpaka kwenye mgomba wa mwisho, ukaniona, ukasema, "Koku, weka hapo urudi kwa mama yako. Haya si ya wasichana." Nikaweka, nikarudi. Kwa hiyo niliujua mlamula, Baba, kila mtoto wa kwetu anaujua, lakini sikuwahi kuona unavyopandwa. Sikuona kwamba wewe ulishika upande huu na jirani akashika upande ule, na wazee wakatazama. Nilidhani nguvu iko kwenye mti. Nilikuwa nimepanda mpaka peke yangu, kama mtu anayejiozesha mwenyewe.

Nikamwambia mzee ukweli huo, mbele ya askari wangu. Niliona aibu, ila aibu ya kusema kweli haikai sana.

Akacheka. Akaniambia wao pia wana ya kwao. Ng'ombe wa Kisukuma hafungiwi kwa waya, lakini kila ukoo una ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. "Hakuna ukuta. Tunatembea wote, tunakubaliana, tunasema kuanzia mwamba ule mpaka mti ule. Baada ya hapo anayeingiza ng'ombe, kijiji kizima kinamtenga. Hata moto wa kuwashia jiko hapewi. Wewe ulitaka kufunga ngitili bila kutembea na sisi."

Basi tukatembea. Siku tatu, Baba, wazee wa kijiji, wachungaji, askari wangu, na wanawake pia, kwa sababu nilikataa kuondoka bila wao na Mzee Masanja akaniunga mkono. Tulibishana kwenye kila jabali. Ramani yangu ilikuwa imekata kisima cha kina mama na kukiweka porini. Sikulijua hilo mpaka mama mmoja aliponishika mkono akanipeleka akanionyesha. Nikakiachia. Kilima chenye majani mazuri nilikitaka mimi, na wao wakanuna nusu siku. Tulipofika kwenye ghuba ya mafunjo ambako nzohe huzalia, niliwaachia wao waseme kwanza, kwa sababu pale nisingeweza kupunguza hata hatua moja. Mzee Masanja aliyatazama mafunjo, akatazama nyumba yake na kaburi la baba yake.

"Mstari ukipita nyuma ya kabuli," akasema, "nitahamisha zizi. Ghuba chukua. Ng'ombe wangu watakunywa upande wa kisima."

Zizi lile lilijengwa na baba yake. Alisema neno hilo kisha akaanza kutafuta tumbaku yake mfukoni, asitazamwe usoni.

Nilirudi nikaandika taarifa kwa bosi wangu, kwamba mstari mpya unapinda mara tano na kuziacha nyumba zote nane kijijini, na ramani inapaswa kupinda nao. Akajibu kwamba atakuja mwenyewe kuona. Nilingoja wiki mbili, sina hamu hata ya chai. Nilijua akikataa, wale wa nje watakuja, na nilishaamua kwamba wakija nitarudisha funguo za gari na kuja kulima na wewe. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikutaka Mama aache kula. Yule bwana aliutembea mpaka wote. Mwishowe akaniuliza ni nani atakayelinda. Mzee Masanja akajibu kabla yangu, "Atakayeshika mlamula." Bosi akasaini.

Tukaing'oa milamula pale nyumbani kwake, akiwaonya askari wasivunje mizizi, tukaipanda upya. Safari hii mvua zilikuwa zinanukia. Kila mmoja ulishikwa na watu wawili, wa pori na wa kijiji. Wa kwanza, ule wa nyuma ya kaburi, tulishika mimi na yeye. Mikono yake ni mikavu kama ya kwako. Alipoushindilia udongo kwa mguu alisema, "Sasa ni mpaka," na mimi, meneja mzima mwenye bunduki na magwanda, nikalia mbele ya askari wangu. Mabula akakohoa tena. Ana kifua kibovu sana yule kijana.

Ni mwezi sasa. Juzi asubuhi nilikuwa juu ya jabali, nikaona ng'ombe wa mzee wanashuka kuelekea ghuba kwa mazoea. Mchungaji akatangulia mbele, akasimama kwenye mlamula, akawageuza. Hakuna askari aliyekuwapo, wala hakujua kama naona. Na upande wa pili, ndani ya mafunjo, nzohe alikuwa na mtoto.

Nisalimie Mama, mwambie maua ya ofisi yamechanua. Msalimie Shangazi anayetuuzia chumvi, na mke wa Kaka Novati hapo nyumbani na wanawe, na yule katekista jirani aliyesema mwanamke akishika bunduki mvua itagoma. Mwambie huku inanyesha. Na Mzee Rwegoshora msalimie kwa namna ya pekee.

Baba, nimefikia lile la barua yako. Kaka Novati ana miaka mitatu hajaonekana, na Dar haijamwachia. Mvua za vuli zikichanganya, ule ukingo utashuka tena, na migomba mitatu itakuwa kumi, na wewe na rafiki yako wa tangu utotoni mtazeeka hamsalimiani. Likizo yangu imekubaliwa. Nitashuka melini mwisho wa mwezi. Sidai shamba, wala sitaki kupindua mila za wazee. Naomba tu safari hii nisiambiwe niweke kibuyu nirudi. Mwambie Mzee Rwegoshora aje na mikono yake kwenye mpaka wa chini. Upande wetu nitashika mimi.

Binti yako akupendaye,
Kokugonza