Papa Placide wa Sponji na Konokono

Mwaka umetimia, Papa, tangu tulipokuzika hapa Baraka, tarehe 9 Agosti 1983. Bado asubuhi tunatega sikio kama umeshatoka kwenda ziwani.

Miaka kumi na moja ulizamia kwenye mawe ya Swima kwa ajili ya maabara ya watafiti. Ulikwangua sponji kwa kisu cha jikoni, vile viumbe laini vinavyong'ang'ania mawe chini ya maji, ukaokota na konokono wanaovila. Watu wa Swima walikucheka: mtu mzima na ndevu zake, anaacha samaki anarudi na konokono! Ulicheka nao, kesho yake ukazamia tena.

Mezani ulitueleza kazi yako bila kuchoka. Sponji ina sumu ya kujilinda. Konokono anaila na hafi. Sumu anaiweka mwilini, imlinde na yeye. "Mulaji na chakula yake, usibatenganishe," ulisema, ukaweka kila mmoja kwenye chupa yake ya alkoli, bega kwa bega, kwa namba moja. Wewe na wenzako wa maabara mlisaga, mkachuja, mkatenga tone kwa tone, mkitafuta kile kilichomo kwa wote wawili, ambacho pengine siku moja kingeua uvimbe wa kansa. Neno "pengine" hukuliacha hata mara moja. Sisi ndio tulioliacha.

Karatasi za kazi zilikuita Citoyen Asukulu, yaani Raia Asukulu, kwa kuwa serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Mama yetu Émilienne aliendelea kukuita Placide, tena kwa sauti. Na pombe ya ndizi hukumpa mgeni kabla ya kuonja wewe mwenyewe, kama wazee wetu walivyotulea: anayemimina ndiye anayeonja, ili mgeni anywe kwa amani. Ulionja hata chai, mpaka tukakutania.

Kisha titi la Mama likaota uvimbe. Hospitalini walisema tumechelewa.

Alphonse, kifungua mimba wako, alipiga magoti mbele yako. "Papa, we iko na funguo ya labo. Leta hata kijiko moja ya ile dawa."

Juma lile ukalala siku tatu, unatapika, unatetemeka. Tulisema ni malaria. Mama, na ugonjwa wake wote, alikaa kitandani akikukanda paji la uso kwa kitambaa cha maji. Ulipoinuka ulimwambia Alphonse neno moja tu: "Hapana."

Mama alifariki mwezi uleule. Alphonse alisema uliogopa kupoteza kazi, akahamia Kazimia, na kwa miaka minne hakula nawe sahani moja. Mimi Pulchérie nilibaki nyumbani, nikakupikia, lakini moyoni nilikuwa upande wake. Naliandika hili kwa aibu.

Kwenye matanga yako, Raphaël, mwenzako wa maabara, alitukalisha sisi wawili nyuma ya nyumba. Alisema kwamba baada ya Alphonse kukuomba, ulichukua kichupa kimoja cha maji yaliyotoka kwa konokono. Ulitaka kumpa Mama. Lakini kabla ya kumpa, ulionja.

"Nilimukuta chini mu labo, anatapika," alisema Raphaël. "Akaniambia: 'Hii siwezi kumupa Émilienne. Itamuua mbele ya siku yake.' Nikamuuliza, batoto utabaambia nini? Akasema: 'Wacha banikasirikie. Bakijua dawa hakuna, mama yabo atasoma mu macho yabo.'"

Alphonse alilia mpaka majirani wakaja kumshika.

Utusamehe, Papa. Ulibeba hasira zetu miaka minne, ukatusalimu kila tulipoonana kana kwamba hakuna kitu.

Leo baada ya misa tunakusanyika nyumbani kwako. Alphonse amekuja na mtumbwi wa jana kutoka Kazimia, na mtungi wa pombe ya ndizi mapajani. Amekataa mtu yeyote amsaidie kumimina. Ataonja yeye kwanza.

Tunaokuwaza na kukuombea ni wanao Alphonse na Pulchérie, mkwe wako Suzanne, dada yako Immaculée, wajukuu zako wote, na rafiki yako Raphaël.

Papa Placide, hatutakusahau maisha yetu yote.