Gitaa la Zalapa Lililokaa Juu ya Jiko

Jumatatu, 3 Machi 1997
Leo nimepiga bao! Bibi Tránsito wa kule Aranza alikuwa na gitaa kalitundika juu ya jiko, jeusi kama sufuria. Nikampa mawili mapya kutoka dukani kwangu, kwa ajili ya wajukuu wake, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akafurahi, akaniita mwanangu. Nikatoka mbio – asije akageuza mawazo. Ndani kuna karatasi: Eligio Zalapa, Paracho, 1951. Marehemu Zalapa! Hapa mjini Paracho mafundi gitaa wengi kuliko mbwa, lakini jina hilo wanalitaja wamevua kofia.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia simu mnunuzi wa Guadalajara. Anakuja Jumapili. Nimenunua msasa na vanishi. Lazima ling'ae.

Jumatano, 5 Machi
Nusura niliue gitaa! Nilipita kwa Mzee Fermín kuazima brashi, gitaa kwapani. Huyu kazi kafundishwa na Zalapa mwenyewe. Kaona msasa, kaninyang'anya, kautupia kuku. "We Nabor, ungemchuna babu yako ngozi ili apendeze?"
Akanionyesha palipolika vanishi. Ni mkono wa mpigaji huo, miaka na miaka. Usiguse. Moshi nao umekausha mbao polepole, hakuna tanuri la kuweza hivyo. Ataziba nyufa mbili kwa gundi, basi.
Halafu akagusa uzi mmoja. Mmoja tu. Kuku wakanyamaza – naapa! Mapya yangu yanalia kama makopo. Hili linaongea. Mzee anasema yangu yanazeeka kabla mtoto hajaota meno, hili ndo kwanza linapata sauti. Nilicheka. Roho ikanichoma kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Bibi Tránsito huyu hapa! Kaleta corunda za moto, yale madonge ya unga wa mahindi, bado zimo kwenye majani yake. Kaja kushukuru. Wajukuu wanapiga kutwa, majirani wamekoma. Kaliona gitaa lake ukutani, kaomba alishike tu. Kumbe anapiga! Na anapiga hasa.
Nikashindwa. Nikamwambia ukweli: hilo moja linazidi mawili yangu, na duka zima juu. Hakuacha kupiga.
"Najua, mwanangu. Zalapa alinitengenezea mimi. Lakini gitaa moja, wajukuu wawili – ungefanyaje?"
Nimekimbilia jikoni, naandika, Bibi bado anapiga kule dukani. Gari limesimama nje. Mnunuzi anabisha hodi. Nimemwambia mke wangu Rosaura aseme sipo.
Naye anauliza: na hiyo sauti ya gitaa, aseme ni ya nani?